Nyanya anamngoja mjukuu, mbu naye anangoja

Kila ifikapo likizo ya Desemba, mjadala mmoja huzuka katika nyumba nyingi za Nairobi, na huwa mkali zaidi katika zile zilizojaliwa mtoto mwaka huo. Simu hupigwa kutoka Homa Bay au Migori. Nyanya hana haja na salamu ndefu. Anataka kujua jambo moja tu: mjukuu wake ataletwa lini? Baba mtoto hujibu upesi kwamba watafika kabla ya Krismasi. Mama mtoto, ambaye hajalala usiku mzima tangu ajifungue, hunyamaza kimya.

Kila mmoja wa watatu hawa ana haki yake. Nyanya amengoja miezi kadhaa kumwona mtoto anayebeba jina la mzee wake. Baba anataka kuonekana nyumbani kama mtu aliyepata mtoto, si kama mtu aliyepotelea mjini. Mama naye ndiye anayejua mtoto hulia saa ngapi, hunyonya mara ngapi, na ni nani atakayeamka usiku akishikwa na homa.

Je, msomaji, wewe ungeamuaje? Makala haya hayakusudii kumzuia mzazi yeyote asiende kwao. Mtoto asiyejulikana kwao ni kama mti usio na mizizi. Lakini safari ya kutoka Nairobi hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria ukiwa na mtoto mchanga si kama safari uliyozoea ulipokuwa peke yako na mkoba mmoja. Inataka kupangwa, na kupanga kwenyewe kuanze mapema.

Wakati gani ufaao?

Swali la kwanza ni umri wa mtoto. Hapa Kenya mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na ya polio mara anapozaliwa, kisha hurudishwa kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Katika ziara hizo tatu hukingwa dhidi ya maradhi kama vile kifaduro, pepopunda, dondakoo, nimonia na kuhara kunakoletwa na virusi vya rota. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo hizo bado yuko wazi kwa maradhi mengi, na nyumbani atapakatwa na watu wengi kwa siku moja kuliko aliopata kuwaona Nairobi kwa mwezi mzima.

Mtoto wa chini ya wiki 6 afadhali abaki alipo, isipokuwa pawe na jambo lisiloweza kuepukika. Mama yake pia bado anapona, hasa ikiwa alijifungua kwa upasuaji. Kukaa saa nane garini kidonda kikiwa hakijakauka ni adhabu ambayo hastahili mtu aliyekuletea mtoto.

Sasa tazama hesabu hii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyejifungua likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Sheria hiyo hiyo yasema mama hapotezi likizo yake ya kila mwaka, ambayo ni siku zisizopungua 21 za kazi, kwa sababu tu alichukua likizo ya uzazi. Basi mama akiongeza likizo ya mwaka mwishoni mwa ile ya uzazi, mtoto atakuwa tayari amepata chanjo ya wiki 14 na familia bado itakuwa na wiki mbili au tatu za kusafiri bila haraka. Baba naye akihifadhi siku zake za mwaka kwa wakati huo, watasafiri pamoja, wala mama hatasukumwa ndani ya matatu peke yake akiwa na mtoto mgongoni na mabegi mawili mikononi.

Iwapo nyanya atalalamika kwamba anacheleweshwa, mkumbushe kwa upole mila yake mwenyewe. Zamani katika jamii ya Waluo mtoto mchanga hakuchukuliwa ovyo nje ya nyumba. Wa kiume alikaa ndani siku 4 na wa kike siku 3 kabla ya kutolewa nje rasmi. Wazee walijua kwamba mtoto aliyeingia duniani juzi hawekwi hadharani leo. Kliniki imeongeza siku tu.

Jambo la pili ni majira. Mvua ndefu hunyesha Machi hadi Mei, na wiki zinazofuata ndizo mbu huzaana kwa wingi na wagonjwa wa malaria kujaa hospitalini. Mvua fupi za Oktoba hadi Desemba nazo huleta taabu yake. Mvua pia huharibu njia. Wengi wanakumbuka ufa mkubwa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok karibu na Suswa mnamo Machi 2018, na mafuriko yaliyoua watu wengi karibu na Mai Mahiu mwishoni mwa Aprili 2024. Kwa hiyo ukiweza kuchagua, mwisho wa Agosti au mwezi wa Februari ni afadhali kuliko Mei au Juni.

Barabarani

Kutoka Nairobi hadi Homa Bay au Migori ni zaidi ya kilomita 350. Wengi hupitia Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik na Kisii. Ukifika Kisii unaweza kushika barabara ya Oyugis uteremke Kendu Bay, au uelekee Rongo. Rongo ndipo njia zinapoachana: kulia unaingia Rodi Kopany hadi mjini Homa Bay, na mbele unapita mashamba ya miwa ya Awendo na Uriri hadi Migori, kisha Isebania mpakani mwa Tanzania.

Mtu mzima akiwa na gari lake huenda kwa saa 7 au 8. Ukiwa na mtoto mchanga, hesabu saa 10 na usione umechelewa. Mtoto hafai kukaa kitini zaidi ya saa 2 mfululizo bila kutolewa, kunyooshwa na kunyonyeshwa, na akiwa mchanga sana afadhali iwe chini ya hapo. Narok ni mahali pazuri pa kusimama kwa mara ya kwanza, Bomet mara ya pili na Kisii mara ya tatu. Wasafiri walio na nafasi hulala Kisii na kumalizia safari asubuhi. Gharama ya chumba kimoja ni ndogo ukilinganisha na uchovu wa mama mnyonyeshaji aliyefika saa tatu usiku na kukuta wageni 20 wakimsubiri.

Usisafiri usiku. Mnamo Agosti 2013 basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Homa Bay lilibingirika Ntulele, kabla ya Narok, usiku wa manane. Zaidi ya watu 40 walifariki, watoto wakiwa miongoni mwao. Baada ya msiba huo serikali ilibana safari za usiku za magari ya abiria. Sheria huja na kulegezwa, lakini giza, usingizi wa dereva na miteremko ya njia hiyo havilegezwi na mtu yeyote. Tokeni alfajiri, kukiwa kumepambazuka.

Ikiwa mna gari lenu, mtoto awe na kiti chake maalumu, kifungwe kwenye kiti cha nyuma huku mtoto akitazama nyuma ya gari. Kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa, kwani mfuko huo ukifumuka kwa kishindo waweza kumuua mtoto ambaye ungemwokoa mtu mzima. Wazazi wengi husema, "Nitampakata mwenyewe." Kwa bahati mbaya mikono ya mama, hata iwe na upendo kiasi gani, haiwezi. Gari likisimama ghafla likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 6 huchomoka kwa nguvu zinazozidi uzito wake mara nyingi sana. Hakuna mzazi awezaye kuzizuia.

Kwa wale wanaosafiri kwa basi au matatu, chagueni gari linalojulikana kwa mwendo wa taratibu na mkate viti mapema. Kaeni katikati ya gari, si mbele kabisa wala nyuma kabisa. Mlipie mtu wenu wa pili kiti chake badala ya kubanana. Mama afunge mkanda mwilini mwake peke yake, mtoto akiwa nje ya mkanda, kwa maana mkanda uliofungwa juu ya mama na mtoto humponda mtoto gari likigonga.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huwashangaza wazazi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134. Njiani kuna mteremko wa Bonde la Ufa na ule wa kutoka nyanda za Kisii kuelekea ziwani. Hapo masikio huziba, na mtoto hawezi kusema; atalia tu. Dawa yake ni kumnyonyesha, kwani kumeza ndiko kunakozibua masikio. Ikiwa mna gari lenu, simameni kando mahali salama anyonye, kisha mteremke polepole.

Joto nalo linabadilika. Mtoto aliyevishwa sweta mbili na kofia ya sufi Nairobi saa kumi na moja alfajiri atakuwa anaoka kama mkate akifika Rodi Kopany saa nane mchana. Mvue kidogo kidogo kadiri mnavyoteremka. Gusa shingo yake kwa nyuma: ikiwa imelowa jasho, nguo zimezidi. Wala usimwache garini hata dakika tano eti unanunua ndizi.

Mbu wa ziwani

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Nairobi malaria ni nadra kwa sababu ya baridi na mwinuko. Homa Bay na Migori ziko katika ukanda wa ziwa, ambako ugonjwa huu umetia makao tangu zamani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 waliopimwa nchini, 6 walikuwa na vimelea vya malaria. Katika ukanda wa ziwa walikuwa 19. Miaka mitano kabla ya hapo walikuwa 27. Maendeleo yapo, lakini vita havijakwisha.

Mama aliyelala chini ya anga la ziwa miaka yote huwa na kinga kiasi fulani mwilini, na humpa mtoto wake sehemu ya kinga hiyo akiwa tumboni. Tena katika kaunti hizi mama mjamzito hupewa neti na dawa za kuzuia malaria kliniki. Mama aliyeishi Nairobi na kujifungulia huko hana mambo hayo, hata kama alizaliwa Mbita. Kinga ya utotoni hupungua mtu akikaa mbali miaka mingi. Kwa hiyo usidanganyike na maneno "sisi ni watu wa huku, mbu wanatujua." Mtoto wako ni mgeni wao.

Wengine husema kuna chanjo siku hizi. Ni kweli, na Homa Bay ina sehemu yake katika historia hiyo. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Kenya katika kaunti hiyo, kisha ikapelekwa katika kaunti nyingine za magharibi, Migori ikiwemo. Kenya, Ghana na Malawi ndizo nchi tatu zilizoijaribu kwa watoto wengi, na mnamo Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwingineko. Lakini dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 6. Mtoto wa miezi 4 kutoka Nairobi haimfikii.

Kinga yake basi ni neti iliyotiwa dawa. Chukua yako kutoka nyumbani, usitegemee kwamba utaipata huko, au kwamba iliyopo haina matundu. Chukua pia kamba na misumari michache ya kuitundikia. Mtoto aingizwe ndani ya neti jua linapotua, si saa ya kulala wakubwa. Jioni ndipo watu hukaa uani kuzungumza, na ndipo mbu nao huanza kazi. Mvishe nguo nyepesi zenye mikono mirefu na soksi. Mafuta ya kufukuza mbu yasipakwe mtoto wa chini ya miezi 2, na kwa mkubwa zaidi muulize mhudumu wa afya kwanza.

Tahadhari hasa na matanga. Ni shida kukaa wiki mbili Homa Bay au Migori bila kualikwa kwenye mazishi, na heshima yataka mwende. Nendeni mchana. Mkesha wa usiku kucha chini ya turubai si mahali pa mtoto mchanga. Baba anaweza kuiwakilisha familia, na hakuna mzee mwenye busara atakayelaumu.

Usimpe mtoto dawa ya malaria "ya kukinga" uliyonunua dukani. Dawa ya kawaida ya vidonge imepimwa kwa watoto wa kuanzia kilo 5. Ni Julai 2025 tu ambapo dawa ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa watoto wachanga walio chini ya uzito huo iliidhinishwa, nchini Uswisi. Mtoto mwenye homa apimwe damu kwanza, kisha atibiwe na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Nyumbani kwa wakwe

Ukishafika salama, kazi nyingine inaanza, nayo ni ya ulimi. Nyanya amelea watoto wake wote na yeye si mjinga. Ataona mtoto anahema kwa joto na atataka kumpa maji. Ataona analia na atataka kumwonjesha uji. Kliniki ilikwambia maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, bila maji. Utasema nini?

Mimi ni mzaliwa wa Uriri niliyeolewa Karachuonyo, na kifungua mimba wetu alipelekwa kwao akiwa na miezi minne. Siku ya pili mama mkwe alikuja na kikombe na kijiko. "Nyar Kanyamkago," aliniita, "hata ng'ombe hunyweshwa maji. Huyu mtoto mwamwadhibu kwa nini?" Nilimtazama mume wangu. Yeye ndiye aliyejibu, kwa heshima: "Mama, daktari amesema maji ya mtoto yamo ndani ya maziwa. Lakini tuna shida moja. Watu wengi wanakuja hapa na kila mtu ana lake la kumpa. Tunaomba wewe uwe mlinzi wake." Mzee yule wa kike alikiweka kikombe chini. Kuanzia saa ile alikaa chini ya mwembe na mjukuu mapajani, na kila aliyekaribia na ndizi iliyopondwa alifukuzwa kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, mambo ya mama mzazi yasemwe na mtoto wake mwenyewe. Mkaza mwana akimkataza mama mkwe, huwa ni ugomvi. Mwana akimwomba mama yake, huwa ni mashauri. La pili, usimnyang'anye nyanya mtoto. Mpe kazi ya kweli. Anajua kumwogesha, kumbembeleza na kumlaza kuliko wewe, na mama aliyechoka anahitaji hizo saa mbili za usingizi.

Kuhusu maji, ukweli ni kwamba maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Wakati wa joto mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji mengi yaliyochemshwa. Wanaotumia maziwa ya kopo wabebe unga mkavu uliopimwa na maji ya moto ndani ya chupa ya chai, wachanganye wakati wa kunyonyesha tu. Yaliyobaki kwa zaidi ya saa 2 yamwagwe. Maji ya ziwa yasitumiwe kumwogesha mtoto wala kumtia ndani eti aone ziwa la kwao. Kichocho kimo humo.

Malazi pia yapangwe mapema. Katika mila za Kiluo mwana aliyeoa halali nyumbani mwa mama yake. Ana simba yake. Ikiwa simba haijajengwa, au imefungwa miaka mitatu na paa linavuja, tumeni pesa mwezi mmoja kabla isafishwe, matundu yazibwe na ipulizwe dawa. Upande wa mama, mkwe wa kiume halali nyumbani kwa wazazi wa mkewe, kwa hiyo familia inayozuru Migori itafute chumba mjini au kwa rafiki. Ni afadhali kujua hayo kabla ya giza kuingia. Jikoni penye moshi wa kuni, ambapo mazungumzo matamu hufanyika, mtoto asikae. Mapafu yake bado ni laini.

Basi likizo iko wapi?

Msomaji anaweza kuuliza: kama yote ni tahadhari, tumekwenda kupumzika au kufanya mtihani? Mapumziko yapo, mradi msijaribu kuona kila kitu. Chagueni safari fupi za asubuhi, mrudi kabla ya jua kali.

Ukiwa Kendu Bay, Ziwa Simbi liko karibu. Ni ziwa dogo la kreta ambalo hadithi yasema lilikuwa kijiji. Bikizee mmoja alifika usiku akinyimwa mahali pa kukaa, na kijiji kikazama. Hadithi nzuri kuwasimulia watoto wakubwa, na pengine wakwe wanaopokea wageni kwa shingo upande.

Kutoka Homa Bay barabara nzuri inakwenda Mbita, na daraja linakuvusha hadi kisiwa cha Rusinga, mahali palipokuwa na tuta lililojengwa miaka ya 1980. Kule Kamasengre ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Ni kisiwani humo pia ambapo Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa kale aitwaye Proconsul mwaka 1948.

Mbuga ya Ruma katika Bonde la Lambwe ndiyo mahali pekee nchini ambapo utamwona korongo, yule swala mkubwa mwenye masikio marefu. Hapo lakini kuna mbung'o. Fungeni vioo, na msivae nguo za buluu au nyeusi kwani rangi hizo huwavuta. Mtoto mchanga afadhali abaki na nyanya siku hiyo, kama maziwa ya kumtosha yamekamuliwa.

Upande wa Migori kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, inayokadiriwa kujengwa karne ya 16. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Iko takriban kilomita 46 kutoka mjini Migori na sehemu ya njia ina vumbi na mitikisiko. Wazazi waende kwa zamu ikibidi. Kuta hizo zimesimama karne kadhaa; zitangoja mtoto atembee.

Dalili zisizongoja

Kabla ya kutoka Nairobi, jua hospitali zilizo njiani. Narok, Longisa, Tenwek na Kisii zote zina hospitali kubwa. Homa Bay na Migori kila moja ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Beba kijitabu cha kliniki cha mtoto na kipimajoto. Hakikisha pia mtoto ameandikishwa chini ya mzazi katika SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa kasi au kifua kikibonyea, akipata degedege, akilegea na kuwa mgumu kuamshwa, au utosi wake ukibonyea. Mtoto wa chini ya miezi 3 akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, usingoje kupambazuke. Wala asikwambie mtu kuwa ni meno.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Safari haiishi mnaporudi Nairobi. Vimelea vya malaria huchukua siku 7 au zaidi kabla ya homa kuonekana, na wakati mwingine wiki kadhaa. Mtoto akipata homa mkiwa mmesharudi mjini, mhudumu wa kliniki aweza kudhani ni mafua tu, maana Nairobi malaria si jambo la kwanza linalomjia akilini. Mwambie bila kuulizwa: "Tulikuwa Homa Bay mwezi huu. Mpime malaria." Sentensi hiyo moja yaweza kuokoa maisha.

Waluo humwita Oyoo au Ayoo mtoto aliyezaliwa njiani. Jina hilo lenyewe laonyesha kwamba kina mama wa huku wamesafiri na watoto tangu zamani, wakati hapakuwa na lami wala kiti cha mtoto. Walifaulu kwa kwenda mwendo wa mtoto, si mwendo wa wakubwa. Nawe ukienda hivyo, nyanya atampata mjukuu, na mjukuu atarudi Nairobi salama. Safari njema.